Safu ya Waliopotea

Kunigunde Schardt, Kuni kwetu sote, alikuwa msusi wa vikapu, kama mama yake, na kama wanawake karibu wote wa Erlesbach, kijiji chetu cha Ujerumani, katika siku nilizozikuta mimi. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa ndani kwa kushika fito za mto tangu utotoni, na aliposalimiana na mtu ilikuwa kama anakupa kikapu kidogo kitupu. Nilipiga kinanda katika kanisa la pale kwa miaka thelathini na minne, na kila Jumatano baada ya mazoezi ya kwaya nilipita jikoni kwake kunywa kahawa ya shayiri. Maisha yake hayakuandikwa popote. Maisha ya Jenerali Hasselrodt yaliandikwa mara mbili katika gazeti la wilaya, na picha juu. Lakini huwezi kuyasimulia ya mmoja ukamwacha mwingine.

Nianze na ya jenerali, maana mwenyewe alizoea kutangulia.

Wolfram Hasselrodt alizaliwa Pomerania, mtoto wa mchungaji, akapelekwa shule ya makadeti akiwa na miaka kumi na miwili. Katika vita vya kwanza alikuwa luteni huko Flanders, akaacha vidole viwili vya mkono wa kushoto katika tope la kule. Mfalme alipokimbia, yeye alibaki katika lile jeshi dogo tuliloachiwa, akipanda vyeo polepole kama mtu apandaye ngazi na ndoo iliyojaa. Kisha wakaja watawala walioahidi jeshi kubwa. Hasselrodt, ambaye asingewakaribisha watu wale mezani kwake, aliapa kuwatii uwanjani. Poland aliingia akiwa kanali. Ufaransa alitoka na nishani ya msalaba shingoni. Urusi alikwenda na divisheni ya watu elfu kumi na tano, na kuhusu vijiji ambavyo divisheni ile ilipita, gazeti la wilaya liliandika maneno mawili tu, “mapigano makali”, likaendelea na habari za nishani.

Ilipofika Aprili ya mwaka 1945, divisheni ilikuwa imebaki watu mia tisa, wengi wao wakiwa mabaki ya vikosi vingine yaliyookotwa njiani. Wamarekani walikuwa mwendo wa siku tatu. Jenerali aliingia Erlesbach siku ya Ijumaa, akachagua nyumba ya Kuni kuwa makao yake, kwa kuwa kuta zake zilikuwa nene na ghala lake la chini lilikuwa la mawe. Kuni alikuwa na miaka ishirini na sita na mtoto wa kike wa mwaka mmoja na nusu, Walburga, ambaye sote tulimwita Burgi. Mumewe Lorenz, msusi kama yeye, alikuwa askari, na barua yake ya mwisho ilikuwa imetoka Hungaria kabla ya Krismasi.

Jenerali alikuwa mgeni mwema. Kuni hakuacha kulisema hilo, hata baadaye, na alilisema kwa sauti ya mtu anayekiri dhambi. Alifuta viatu mlangoni. Alisali kabla ya kula. Alimpa mtoto donge la sukari kutoka mfukoni mwake. Jumapili ile, ya kwanza baada ya Pasaka, Kuni alipika matonge ya viazi na mchuzi wa uyoga uliokaushwa, chakula cha mwisho cha maana kilichokuwamo ndani.

“Bibi Schardt,” alisema jenerali, “tangu Budapest sijaonja matonge yaliyosimama wima namna hii. Ya mpishi wangu yalilala kama wagonjwa.”

“Siri ni kumenya viazi vikiwa bado vya moto, Bwana Jenerali. Mpishi wako anaogopa kuungua.”

“Mpishi wangu anaogopa kila kitu. Na mumeo yuko wapi?”

“Laiti ningejua.”

“Atakuwa mahali anapopaswa kuwa,” alisema, akachukua tonge la pili.

Hapo karani wake akaingia na jalada, akapiga visigino. Kuni, kwa adabu ya wanawake wa kwetu ambao hawawezi kuona karatasi karibu na mchuzi, aliisogeza sahani ya mgeni, akapangusa meza kwa kitambaa chake, mara mbili, hadi ikakauka. Jenerali alitia saini karatasi moja baada ya nyingine, akakausha wino, akarudisha jalada.

“Asante, Bibi Schardt. Sasa niongezee mchuzi.”

Jumatatu aliondoka. Aliacha juu ya meza kijikaratasi cha shukrani chenye saini yake ndefu, ambayo herufi ya mwisho ilishuka chini kama mjeledi. Kuni alikiweka katika kitabu chake cha nyimbo. Siku ile ile mzee Barthel, mlinzi wa tanuru la matofali, alikuja akiwa ameshika kofia mkononi.

“Kuni, binti yangu, sitaki kusema uongo na sitaki kusema kweli. Jana alfajiri polisi wa jeshi walimkamata mtu kule kwenye shamba la fito. Aligeuka mara moja. Kama si Lorenz, basi alikuwa na mabega ya Lorenz.”

“Wakampeleka wapi?”

“Shuleni kwanza. Kisha lori, wengi kidogo, kuelekea mashariki. Zaidi ya hapo sijaona, na macho yangu unayajua.”

Kutoka shamba la fito hadi mlango wa Kuni ni hatua mia tatu.

Alitafuta. Aliuliza kwa Wamarekani, kwa mchungaji, kwa wafungwa waliorudi. Hapakuwa na kaburi wala mtu aliyejua. Hivyo Burgi alipoanza kuuliza, mama yake alimjibu lililokuwa kweli: “Baba hajulikani alipo.”

Mwaka 1947 jenerali alirudi Erlesbach, mwembamba, koti la jeshi likiwa limepakwa rangi nyeusi. Pomerania yake haikuwa tena ya Wajerumani, naye katika kambi ya wafungwa alikumbuka kijiji kimoja ambako alikula vizuri. Alipanga vyumba viwili juu ya ghala la Konrad Pülz, mnunuzi wa vikapu, na katika mwezi mmoja kijiji kizima kilikuwa kinamvulia kofia.

Siku zile kila mtu aliyekuwa na cheo chini ya utawala uliopita alifikishwa mbele ya baraza la uchunguzi, na baraza lilipokea vyeti vya majirani kwamba fulani alikuwa mtu mwema. Tuliviita vyeti vya sabuni, kwa jinsi vilivyotakasa. Mwalimu alimwandikia mwokaji mikate, mwokaji akamwandikia mtu wa posta, mtu wa posta akamwandikia mwalimu. Kumnyima jirani cheti ilikuwa kama kumnyima moto wa kuwashia jiko. Jenerali alimwendea Kuni mwenyewe, akafuta viatu.

“Sikuombi useme uongo, Bibi Schardt. Sema tu uliyoyaona.”

Naye akasema aliyoyaona. Cheti chake kilikuwa kifupi kuliko vyote, na ndicho wajumbe wa baraza walichosoma kwa sauti: kwamba mtu huyu alikaa nyumbani mwake siku nne, alisali, alishukuru kwa chakula, alimpa mtoto wake sukari, na hakumtendea mtu yeyote ubaya mbele ya macho yake. Jenerali aliwekwa katika kundi la waliofuata mkumbo tu. Akapata malipo yake ya uzeeni na uenyekiti wa heshima wa chama cha askari wa zamani.

Yote hayo Kuni angeweza kuyabeba, kama si jiwe.

Mwaka 1953 kijiji kiliamua kuongeza majina ya vita vya pili kwenye mnara wa kumbukumbu, kando ya kanisa. Safu mbili: Waliouawa na Waliopotea. Huko kwetu mtu asiyeandikwa kwenye mnara ule ni kama hakuzaliwa. Jumapili ya kuwakumbuka wafu majina husomwa yote, na kila nyumba husubiri lake kama mtu anayesubiri zamu kwenye kisima. Kuni alitaka jina la Lorenz lisomwe. Hakutaka kitu kingine chochote katika dunia hii, na mtoto wake alitaka hicho hicho. Kamati iliomba uthibitisho wa askari kila mmoja, kwa hiyo Kuni aliiandikia ofisi inayotunza kumbukumbu za jeshi. Baada ya miezi mitano bahasha ilifika.

Ndani yake mlikuwa na nakala ya hukumu. Askari Lorenz Schardt, kutoroka kikosi kwa saa tano. Alikutwa kwenye shamba la fito karibu na Erlesbach. Vitu alivyokutwa navyo: kisu kimoja, kichezeo kimoja cha mtoto, cha fito, hakijamalizika. Kifo kwa risasi. Imethibitishwa Erlesbach, Aprili 8, saa saba kasorobo mchana. Imetekelezwa Aprili 9, saa kumi na mbili asubuhi.

Chini yake palikuwa na saini. Kuni hakuhitaji kulisoma jina. Alifungua kitabu cha nyimbo, akaweka kijikaratasi cha shukrani kando ya nakala, na mijeledi ile miwili ikalala sambamba.

“Saa saba kasorobo,” aliniambia miaka mingi baadaye. “Ulikuwa mchuzi wa kwanza. Wa pili nilimpa baada ya saini. Na meza niliipangusa mimi.”

Alimwendea. Alipanda ngazi za ghala la Pülz na bahasha ndani ya kikapu chake cha soko, juu yake mayai sita, kwa sababu wanawake wa kwetu hawaendi kwa mtu mikono mitupu hata kama wanakwenda kumlaani. Jenerali alimkaribisha kiti. Aliisoma nakala akiwa amesimama, mara moja tu.

“Hukuliona jina?” Kuni aliuliza. “Schardt. Ulikuwa unakula kwa Schardt.”

“Nilitia saini kumi na moja mchana ule. Majina hayasomwi, Bibi Schardt. Ukiyasoma, mkono hautembei.”

“Alikuwa anakuja kumwona mtoto.”

“Kumi na moja, kila mmoja wao alikuwa anakwenda kumwona mtu. Kama ningewaachia wote, ningekuwa na divisheni gani?”

“Siku tatu baadaye hukuwa nayo hata hivyo.”

Jenerali alikwenda dirishani, akasimama na mkono wake wa vidole vitatu nyuma ya mgongo.

“Sikiliza,” alisema mwishowe, na sauti yake, Kuni alisema, ilikuwa ya upole wa kweli. “Karatasi hii ikifika kwenye kamati, jina la mumeo halitachongwa. Kamati haiwezi kumwandika mtu aliyehukumiwa. Na binti yako ataitwa binti wa mtoro hadi atakapoolewa, kama ataolewa. Lakini karatasi isipokuwapo, naweza kuthibitisha kwa heshima yangu kwamba kikosi chake kilitawanyika Aprili ile, na kwamba hakuonekana tena. Safu ya pili. Waliopotea.”

“Uniandikie cheti.”

“Nikuandikie cheti. Kama wewe ulivyoniandikia.”

“Mimi niliandika kweli.”

“Ndiyo maana kilinifaa sana.”

Nimejiuliza mara nyingi ningefanya nini mimi. Kuni alikaa muda mrefu akiyatazama yale mayai. Alimfikiria Burgi, aliyekuwa na miaka tisa, na watoto wa shule, ambao ndimi zao hazina mwenye kuzifunga. Alifikiria Jumapili ya wafu, na mchungaji akiruka kutoka jina la Pülz hadi jina la Seuffert bila kumtaja Schardt. Akaiacha nakala juu ya meza. Jenerali aliiweka ndani ya jiko, akafunga mlango wa jiko kwa adabu, na kabla Kuni hajafika chini ya ngazi alimwita:

“Bibi Schardt! Mayai yako.”

“Yabaki,” alijibu. “Hayarudi tena ndani ya kikapu hiki kwenda kwa mtu mwingine.”

Jina lilichongwa. Nilikuwapo siku ya kuzindua jiwe, nikapiga kinanda milango ya kanisa ikiwa wazi. Jenerali aliweka shada. Konrad Pülz alihutubia, akasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, na watu wakaitikia kwa kichwa, kwa kuwa wengi wao walikuwa na yao waliyotaka yapite. Lorenz Schardt alisomwa, wa thelathini na mbili katika safu yake. Kuni aliniambia kwamba kwa mwaka mmoja alilala vizuri.

Kosa lake, kama ni lake, lilikuwa kwamba alisahau nani mwingine anasoma jiwe. Burgi alikuwa mtoto makini, mwenye nywele za rangi ya fito zilizomenywa, na alijua kusoma vizuri mno. Waliouawa ni waliouawa. Waliopotea, mwalimu alieleza darasani, ni wale ambao bado hatujui. Na kama hatujui, basi labda.

Katika vuli ya mwaka 1955 Warusi waliwaachia wafungwa wa mwisho. Redio ilisoma majina jioni baada ya jioni, na wanawake kutoka vijiji vyote walikwenda stesheni ya mjini kusimama kwenye jukwaa na picha za waume na wana wao zilizobandikwa juu ya mbao, kila mmoja akiinua ubao wake mbele ya wale watu wanaoshuka: Unamjua? Umemwona wapi mara ya mwisho? Kwaya yetu iliitwa kuimba wimbo wa shukrani. Kuni alikuwa amekwenda ghalani kwa Pülz kupeleka vikapu vya wiki ile.

Nilimwona Burgi kabla hajaniona. Alisimama kati ya vikongwe wawili, ametandaza kwenye mfuniko wa kikapu picha ya harusi ya wazazi wake, upande wa mama umefunikwa kwa karatasi. Chini yake alikuwa ameandika, kwa mwandiko wa shule: LORENZ SCHARDT, ERLESBACH. MSUSI WA VIKAPU. ANA BINTI.

Treni iliingia. Watu walishuka na makoti yao ya pamba. Mmoja wao, asiye na meno, aliinama akaitazama picha hadi pumzi yake ikaifunika kwa ukungu.

“Mabega hayo,” alisema, “labda kule Sverdlovsk. Labda. Kulikuwa na mmoja aliyesuka vikapu.”

“Ndiye huyo!” alilia Burgi. “Ndiye! Anasuka!”

“Kule kila mtu alisuka, mwanangu,” alisema yule mtu, akasukumwa mbele na wenzake.

Jenerali alikuwapo, bila shaka. Alikuwa amekuja kuwapokea askari wake, akimpa kila mmoja mkono. Alipomfikia Burgi alisimama. Sijui kama alimtambua kwanza, au alisoma jina, yeye ambaye alisema majina hayasomwi. Aliweka mkono wenye vidole vitatu juu ya kichwa cha mtoto.

“Usikate tamaa, binti,” alisema. “Waliopotea huonekana.”

Kuni alisikia. Alikuwa amepata habari kwa Pülz kwamba Burgi amekwenda stesheni, akapanda gari la kwanza la mjini, na sasa alikuwa hatua nne nyuma yao, tita la fito lililobaki bado mkononi. Kwaya ilikuwa imemaliza ubeti na haijaanza mwingine.

“Ondoa mkono wako,” alisema.

“Bibi Schardt, mtoto anahitaji tumaini...”

“Ondoa mkono wako kichwani kwa mwanangu, Hasselrodt.”

Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa Erlesbach kumwita bila cheo chake. Jukwaa zima liligeuka. Kuni alipiga magoti mbele ya Burgi, akauchukua ule mfuniko, akaulaza chini.

“Baba yako hayuko Urusi. Alipigwa risasi Aprili, wewe ukiwa na mwaka na nusu. Alitoka kikosini kuja kukuona, amekutengenezea kichezeo. Huyu alitia saini mezani kwetu. Mimi nilimpangusia meza.”

“Lakini jiwe linasema...”

“Jiwe nililinunua.”

“Una uthibitisho gani wa maneno hayo, mama?” Konrad Pülz aliuliza kutoka nyuma, kwa sauti kubwa, kwa kuwa watu wa gazeti walikuwa karibu.

“Sina. Niliuacha uungue ndani ya jiko lake.”

“Bibi huyu amechoka,” alisema jenerali kwa utulivu. “Siku kama hizi zinamchosha kila mtu.” Na watu, ambao walitaka kuimba, wakaamini amechoka. Mtu mmoja alicheka. Mwanamke mmoja alisema, si kwa kunong’ona, “Alimwandikia cheti mwenyewe, sasa anamtukana. Wasusi bwana, hupinda upande wowote.” Kiongozi wa kwaya aliinua mkono, nami, Mungu anisamehe, nikaimba.

Wiki ile Kuni alimwendea Veit Dorsch, mchonga mawe, akataka jina la Lorenz liondolewe.

“Kuliondoa?” Veit alisema. “Kuni, mwanamke wewe! Jina si gome la fito ukalimenya. Ili niliondoe lazima nishushe uso wote wa jiwe kwa kina cha kidole. Na hapo nimewafuta wote sabini na mmoja. Ndugu yangu yumo. Wa Barthel wamo wawili.”

“Basi lihamishe safu.”

“Kwa karatasi ya nani?”

Kuni alirudi nyumbani.

Jenerali alikufa mwaka 1962, akazikwa kwa tarumbeta. Gazeti lilitaja nishani zake zote na likasema kwamba hata wanyonge wa kijiji walimshuhudia vizuri baada ya vita. Cheti cha sabuni kilinukuliwa, na jina la Kuni chini yake. Alijaribu kukiondoa kwenye mafaili ya baraza. Walimjibu kwamba baraza lilikwisha vunjwa, na kwamba ushahidi uliotolewa kwa hiari hauondolewi tena.

Burgi hakumlaumu mama yake mbele za watu. Alikua msusi, hakuolewa, na kwa miaka minne alizungumza naye mambo ya nyumba tu: maji, kuni, fito. Ninachokumbuka zaidi ni kwamba kila Aprili 8, tangu alipokuwa na miaka kumi na tatu, alifunga kwenye uzio wa chuma wa mnara, chini ya jina la thelathini na mbili, kichezeo cha fito cha mtoto kilichoachwa nusu. Kila mwaka mtunza kanisa alikitoa, kwa kuwa kanuni za mnara haziruhusu mapambo ya mtu mmoja mmoja. Alikitupa kwenye lundo la mashada makavu.

“Kwa nini humalizii angalau kimoja?” nilimwuliza siku moja, jikoni, kahawa ya shayiri ikiwa imepoa.

Burgi aliendelea kusuka. Mama yake ndiye aliyenijibu, akiloanisha fito kwenye beseni.

“Kwa sababu hakuna mtu mwingine kijijini anayejua mahali baba yake alipoishia.”